Bastola ya .22 ya bei nafuu kwa kulengea shabaha: mwongozo kamili kwa mkazi wa Dar es Salaam

Mtu akitaka bastola ya kulengea shabaha, kwanza huuliza bei. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hilo ni swali la nne. La kwanza ni kibali, la pili ni mahali pa kupigia, la tatu ni risasi zinazopatikana mjini. Ukishapata majibu ya hayo matatu, orodha ya bastola inajipunguza yenyewe, na mara nyingi zinabaki mbili au tatu za kuchagua. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu ukishamilikishwa silaha huwezi kuibadilisha kama simu. Namba yake imeandikwa kwenye leseni yako, na kuiuza au kuibadilisha ni kurudi polisi upya. Fikiri kwanza, pesa itoke baadaye.

Kwa nini .22

Risasi ya .22 Long Rifle ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887 na bado ndiyo risasi ya kujifunzia duniani kote. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa greni 40, yaani kama gramu 2.6, na kipenyo chake hakifiki milimita 6. Inapotofautiana na risasi ya milimita 9 ni kwenye kitako cha ganda. Ile ya milimita 9 ina fataki ndogo katikati ya kitako. Kwenye .22 kemikali ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako, na pini ya bastola huuponda ukingo huo mpaka kemikali iwake.

Ukielewa hapo umeelewa karibu kila kitu kuhusu bastola hizi. Ili ukingo upondeke, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba halivumilii mgandamizo mkubwa. Ndiyo maana teke lake ni dogo, bastola yake inaweza kuwa ya gharama ndogo, na anayejifunza hapati ile tabia ya kufumba macho na kurusha mkono kila akivuta triga. Upande mwingine, ganda likishapondwa halijazwi tena, na kemikali isipoenea vizuri ukingoni risasi inagoma. Risasi za .22 hugoma mara nyingi zaidi kuliko za aina nyingine, hata zikiwa mpya na nzuri.

Asikudanganye mtu kwamba ni silaha ya mchezo. Kichwa cha .22 kikirushwa juu kidogo kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1, na kikimpiga mtu aliye karibu kinaua. Na kwa upande wa michezo si ya watoto pia: mashindano ya bastola ya mita 25 kwenye Olimpiki hupigwa kwa .22 hii hii.

Hatua ya kwanza: kibali

Umiliki wa silaha Tanzania unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na msajili wake yuko chini ya Jeshi la Polisi. Maombi huanzia chini, kwenye serikali ya mtaa unakoishi, yanapanda polisi wilayani na kwenye kamati za usalama, kisha yanaenda juu. Kila ngazi inaangalia wewe ni nani, unaishi wapi, una rekodi gani, na unaitaka silaha kwa sababu ipi. Nenda kwanza kituo cha polisi cha wilaya yako, uliza dawati linaloshughulikia silaha, na uombe orodha ya viambatanisho vinavyotakiwa kwa sasa. Usiichukue mtandaoni wala kwa rafiki aliyeomba miaka mitano iliyopita.

Kwenye sababu, andika ukweli: kulenga shabaha. Usiandike kujilinda ukidhani inasikika vizuri zaidi, kwa sababu utaulizwa maswali ya kujilinda na majibu yako hayatakaa sawa. Kama kuna klabu au uwanja uliokukubali, barua yao iambatanishe.

Maswali ya utunzaji yatakuja, kwa hiyo jipange mapema. Kabati la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani kwa boliti, ndilo jibu linaloeleweka. Aliyepanga nyumba aongee na mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Risasi zikae kwenye kisanduku chake chenye kufuli, mbali na bastola, na ufunguo usiwe mahali ambapo mtoto au dada wa kazi anaweza kuuona.

Wanaokumbuka uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 jijini wanajua foleni zilivyokuwa. Waliokuwa na karatasi zao kamili, namba ya silaha ikilingana na leseni na malipo ya leseni yakiwa ya karibuni, walikuwa na kazi ndogo. Fungua faili moja la silaha siku unayoanza maombi, na kila risiti iingie humo.

Na jambo ambalo silirudii tena: usinunue bastola kwa mtu mkononi, hata awe ndugu wa damu, hata akuonyeshe leseni yake. Umiliki unahamishwa polisi, hauhamishwi sebuleni.

Hatua ya pili: mahali pa kupigia

Shamba la Kigamboni au Bagamoyo si uwanja wa shabaha. Risasi ile inayopita kilomita 1 haijui mpaka wa shamba lako, na nyuma ya mikorosho siku zote kuna mtu anayepita na baiskeli. Tafuta uwanja unaotambulika na polisi, wenye kingo ya udongo au ukuta wa kusimamishia risasi, na wenye msimamizi.

Kabla hujaomba bastola yoyote, nenda uangalie. Uliza umbali wa kupigia: kama mwisho ni mita 15, huna sababu ya kulipia bastola ya mtutu mrefu wenye saiti (vile vya kulengea juu ya mtutu) za mashindano. Uliza kama wanaruhusu mgeni kupiga kwa silaha ya uwanja au ya mwanachama akiwa amesimamiwa. Ukipata nafasi hiyo, piga kwa bastola mbili tofauti siku hiyo hiyo. Utajifunza mengi kuliko kwenye video kumi.

Hatua ya tatu: risasi

Hapa ndipo ningependa ukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotoka kwa miaka.

Ingia duka la silaha lenye leseni na uulize hivi: "Mzee, shikamoo. Risasi gani za .22 mnazo leo, na zipi huwa hazikosekani?" Swali la pili ndilo muhimu. Duka linaweza kuwa na pakiti nzuri za mashindano leo na zisionekane tena mwaka mzima. Wewe unataka bastola inayokubali zile za kawaida zinazorudi kila shehena.

Risasi za .22 LR zina mwendo wa aina kuu mbili. Za mwendo wa kawaida zinatoka kama mita 325 kwa sekunde, na za mwendo mkali kama mita 375, hesabu hizo zikiwa za mtutu mrefu wa bunduki. Kwenye bastola zinapungua. Za kawaida huwa tulivu na mara nyingi zinakusanya matundu vizuri zaidi kwenye karatasi. Lakini bastola nyingi ndogo zinazojijaza zenyewe zina springi inayohitaji nguvu ya mwendo mkali ili slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi ikipigwa, ifike mpaka mwisho. Ukizilisha risasi tulivu, ganda linakwama mlangoni na unashinda ukichokonoa. Kwa hiyo kama duka linaleta zaidi za mwendo wa kawaida, tayari kuna bastola unazoweza kuzifuta kwenye orodha.

Piga hesabu. Mtu anayelenga kwa utulivu anamaliza risasi 100 kwa siku moja ya uwanjani. Akienda mara mbili kwa mwezi, ni risasi 2,400 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya risasi moja uliyoambiwa dukani, ongeza ada ya uwanja, halafu linganisha na bei ya bastola. Unafuu wa bastola uko kwenye hesabu hiyo ya mwaka kuliko kwenye kibandiko cha bei. Uliza pia kibali chako kinakuruhusu kununua na kuweka risasi ngapi, maana hilo ndilo litakaloamua mwendo wako wa mazoezi.

Usichanganye .22 LR na .22 Magnum. Zinafanana jina lakini ganda la Magnum ni refu na nene zaidi, na kupiga moja kwenye chemba (tundu la kukalia risasi) ya nyingine ni hatari. Rivolva nyingine, yaani bastola zenye silinda inayozunguka na kubeba risasi, huja na silinda mbili, moja kwa kila aina. Hizo ni salama mradi kila risasi iende kwenye silinda yake.

Hatua ya nne: aina za bastola

Kuna makundi matatu.

La kwanza ni bastola kamili za shabaha: Ruger Mark IV, Browning Buck Mark, Smith & Wesson SW22 Victory. Zina mtutu uliotulia mahali pamoja, saiti ya nyuma inayorekebishika, triga nyepesi inayokatika safi, na uzito wa karibu kilo 1 kwa modeli nyingi. Uzito huo watu wanauogopa dukani na wanaushukuru uwanjani, kwa sababu mkono mtupu hutetemeka na uzito wa mbele huutuliza. Magazini yake, yaani kasha la risasi, ni ya risasi 10. Familia ya Ruger ilianza mwaka 1949, na modeli za zamani mpaka Mark III zilisifika kwa jambo moja baya: kuzirudisha baada ya kuzifungua kwa usafi ni mtihani. Mark IV ya mwaka 2016 iliondoa tatizo hilo kwa kitufe kimoja cha nyuma. Ukiona Mark IV iliyotumika, soma namba yake. Zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017 ziliitwa kiwandani kwa kasoro ya sefti, kile kizuizi cha kufyatuka: triga ikivutwa sefti ikiwa katikati, bastola inaweza kufyatuka baadaye bila kukusudia. Namba zake huanza na 401 au WBR. Kama hakuna uthibitisho kwamba sehemu ilibadilishwa, iache.

Kundi la pili ni ndogo za plastiki: Ruger SR22, Walther P22, Taurus TX22 ya kampuni ya Kibrazili. Zina uzito wa karibu nusu kilo, zinakaa vizuri kwenye mkono mdogo, na bei yake kwa kawaida iko chini ya zile za kwanza. TX22 inabeba risasi 16 na triga yake ni nzuri kuliko za wenzake. Lakini saiti ziko karibu karibu, na kosa dogo la kulenga linakuwa kubwa kwenye karatasi. Za kundi hili ndizo zinazochagua risasi zaidi.

La tatu ni rivolva za kukoki (kuvuta nyundo ya nyuma) kwa mkono kila risasi, kama Ruger Wrangler na Heritage Rough Rider. Wrangler ilipotoka mwaka 2019 bei yake ya orodha Marekani ilikuwa chini ya dola 250; huku ongeza usafiri, kodi na faida ya muuzaji, usitegemee kuikuta kwa namba hiyo. Inaingiza risasi 6, moja moja, kupitia mlango mdogo wa pembeni. Ni ya polepole. Lakini haina slaidi ya kusukumwa, kwa hiyo inakubali risasi yoyote ya .22 LR, tulivu au kali, na risasi ikigoma unakoki tena silinda inazunguka. Kwa mji ambao huchagui shehena ya risasi, hiyo ni faida kubwa kuliko inavyosikika. Upungufu wake ni saiti isiyorekebishika: ikipiga kushoto, itapiga kushoto mpaka fundi aiguse.

Mimi ningeelekeza hivi. Mwenye uwanja wa mita 25, risasi za uhakika na bajeti ya kutosha achukue ya kundi la kwanza, hata iliyotumika. Mwenye bajeti finyu na risasi za kubahatisha achukue rivolva. Kundi la pili liwe kwa mwenye mkono mdogo au aliyeijaribu moja uwanjani akaona inakubali risasi za duka lake.

Hatua ya tano: kuijaribu mezani

Mwombe muuzaji aondoe magazini, afungue slaidi na akuonyeshe chemba tupu. Kisha hakikisha mwenyewe kwa macho na ncha ya kidole kidogo. Hata kama umeona ameshaangalia, angalia tena, na mtutu uelekee ukuta usio na mtu.

Shika bastola kwa mkono mmoja, funga macho, nyoosha mkono, fungua macho. Saiti ya mbele iwe tayari katikati ya mwanya wa nyuma au karibu yake. Ikiwa inaangalia juu au pembeni kila mara, mshikio huo si wa mkono wako. Triga iguswe na nyama ya ncha ya kidole, katikati ya ncha na kiungo cha kwanza. Kidole kikifika kwa shida, kila mvuto utaisukuma bastola upande.

Sasa omba ruhusa ya kuvuta triga ikiwa tupu. Usivute bila kuuliza, kwa sababu kwenye baadhi ya bastola za .22 pini ikikosa ganda inagonga ukingo wa chemba wenyewe. Muuzaji akiweka risasi bandia chemba, hapo mko salama. Laza sarafu ya shilingi 100 juu ya mtutu, nyuma kidogo ya saiti ya mbele, kisha vuta polepole. Triga nzuri inakatika na sarafu inabaki. Ikivutika kama kamba mbovu, yenye mikwaruzo na vituo, sarafu itadondoka mara nyingi hata kwa mtu mwenye mkono mtulivu.

Iliyotumika

Dar ni mji wa bahari, na jasho na chumvi hufika kabatini. Fungua vibao vya mshikio, vile viwili vya pembeni, kwa bisibisi inayolingana na parafujo. Kutu hujificha hapo wakati nje pamepigwa mafuta yanang'aa. Angalia chini ya saiti na ndani ya shimo la magazini.

Tazama mdomo wa chemba kwa tochi. Kijishimo au nundu ndogo ukingoni, pale pini inapopiga, ni alama ya mtu aliyevuta triga tupu miaka mingi. Risasi zitakwama kuingia au kutoka. Kisha tazama ndani ya mtutu, ukiwa umehakikisha ni tupu, dhidi ya mwanga. Kivuli cha mviringo mahali pamoja kinaonyesha mtutu umevimba kwa sababu risasi ilibaki ndani na nyingine ikapigwa nyuma yake. Hiyo hairekebishiki kwa bei nafuu. Hesabu magazini, ngapi zinakuja nayo, na uulize kama nyingine zinapatikana. Mwisho, linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu.

Siku ya kwanza uwanjani

Miwani na vizibo vya masikio si vya hiari. Mlio wa bastola ya .22 hupita desibeli 140, na masikio hayaponi. Beba sabuni pia: vichwa vingi vya .22 ni vya risasi tupu, ile metali yenyewe, na vumbi lake hukaa mikononi. Usile wala usivute sigara kabla ya kunawa, na nguo za uwanjani zisifuliwe na za watoto.

Risasi ikigoma, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kuitoa, maana baadhi huwaka kwa kuchelewa. Ukisikia mlio hafifu, puf tu, acha papo hapo, ondoa risasi zote na uangalie kama mtutu uko wazi. Ndivyo ile mitutu iliyovimba ilivyopatikana.

Nunua pakiti moja moja ya risasi 50 za aina tatu zilizopo dukani. Weka karatasi mita 15, egemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, piga 10 za kwanza za kila aina bila kuzipima, kisha vikundi vitatu vya risasi 5, kila kikundi kwenye karatasi yake. Andika jina la risasi kwenye karatasi na zilizogoma ngapi. Pima kwa rula umbali wa matundu mawili yaliyoachana zaidi. Bastola ile ile inaweza kufunga sentimita 3 kwa aina moja na 8 kwa nyingine, na si lazima ya bei kubwa ishinde. Inayoshinda bila kugoma ndiyo utakayoitafuta kila shehena.

Hapo ndipo unaporekebisha saiti, si kabla. Saiti ya nyuma husogezwa upande unaotaka matundu yaende: yakiwa kushoto, isogeze kulia, yakiwa chini, ipandishe. Sogeza kidogo, piga 5, angalia. Ukirudi nyumbani, usiilaze bastola kwenye mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Ifute, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi mtutuni na chembani ambako nta na masizi hukusanyika, weka vifuko vya kunyonya unyevu kabatini, na katika miezi ya mvua ya masika ifungue uikague kila wiki hata kama hukupiga.